Jina la Ngoma, Jina la Ufalme: Sauti ya Burundi katika Historia ya Roki

Katika Kirundi, neno ingoma hutaja mambo mawili: ngoma ipigwayo na utawala wa mfalme. Makala haya yanajadili jinsi sauti ya ngoma hiyo ilivyoingia katika muziki wa roki huku jina lake likiachwa nyuma.

Ufalme wa Burundi uliondolewa tarehe 28 Novemba 1966. Mwaka uliofuata, warekodi kutoka Ufaransa walinasa sauti za wapigaji, na mwaka 1968 lebo ya Ocora ikazitoa katika albamu ya Musique du Burundi. Ngoma za kifalme zikaenea Ulaya zikiwa zimekwisha kumpoteza mfalme wao.

Mwaka 1971 rekodi hiyo iliongezewa piano na gitaa nchini Ufaransa, ikatolewa kwa jina la Burundi Black na kuingia katika chati za Uingereza. Mwaka 1975 Joni Mitchell aliitumia katika The Jungle Line, pamoja na gitaa na sintesaiza ya Moog. Mwaka 1980 kundi la Adam and the Ants likaiga mapigo hayo. Jina la kwanza lilitaja nchi na rangi. Albamu ya Mitchell iliziita ngoma za wapiganaji.

Upotoshaji huo si mdogo. Ingoma ziliambatana na enzi na umuganuro, sherehe ya kupanda mtama. Zina utaratibu wake pia: inkiranya huongoza, ibishikiso huifuata, na amashakwe hushikilia mapigo yasiyokatika. Ziitwapo za vita, utaratibu huo husikika kama ghasia tu.

UNESCO iliiorodhesha sanaa hii mwaka 2014. Amri ya rais ya mwaka 2017 ilidhibiti maonyesho na kuwakataza wanawake kupiga. Hata hivyo, kumdhibiti mpigaji aliye hai si sawa na kurejesha sauti iliyokwisha kunaswa.

Kampasi ya Kiriri ya Chuo Kikuu cha Burundi ingefaa kuhifadhi nakala za rekodi hizo, zikiambatana na istilahi za Kirundi na maelezo ya Kiswahili kwa watafiti wa kanda. Madai ya hakimiliki huhitaji kwanza kitu chenye jina na wenyewe. Bila jina, mwenye mali hubaki msikilizaji wa mali yake.