Jiwe la Mpaka Lililolindwa kwa Laana

Mwaka 1874, mtaalamu Mfaransa Charles Clermont-Ganneau aligundua maandishi yaliyochongwa kwenye miamba nje ya magofu ya Gezeri, magharibi mwa Yerusalemu. Kwa Kiebrania yalitaja mpaka wa Gezeri. Kwa Kigiriki, jina la mtu, Alkios.

Mwamba hauhamishiki. Mkulima wa kawaida wa Israeli, hata hivyo, alitenga shamba lake kwa mawe tu. Mwenye tamaa angeweza kulisogeza jiwe usiku hatua moja ndani ya shamba la mjane, na msimu uliofuata hatua nyingine, bila shahidi hata mmoja.

Kwa hiyo kitabu cha Kumbukumbu la Torati kilipiga marufuku wizi huo, kisha sura ya 27 ikauweka pamoja na dhambi za siri. Walawi walitakiwa kumlaani kwa sauti kuu anayesogeza mpaka wa jirani, na watu wote waitikie, "Amina." Kitabu cha Mithali nacho kinaonya kwamba mashamba ya yatima yana Mtetezi mwenye nguvu. Majirani wa Israeli nao waliijua hofu ya mpaka kusogezwa: Babeli ilichonga mawe yenye laana za miungu juu ya hati za ardhi, na huko Misri Mafundisho ya Amenemope yalikataza kuingilia mpaka wa mjane.

Hata mfalme hakusamehewa. Ahabu alilitaka shamba la mizabibu la Nabothi, lililopakana na jumba lake Yezreeli. Alitoa fedha, au shamba lililo bora zaidi. Nabothi akakataa: ulikuwa urithi wa baba zake. Yezebeli, mke wa Ahabu, akaandika barua kwa muhuri wa mfalme, wakatafutwa mashahidi wawili wa uongo, Nabothi akapigwa mawe hadi kufa. Ahabu aliposhuka kulitwaa shamba, nabii Eliya akamkuta humo humo na kumtangazia hukumu.

Katazo la wizi wa siri liliingia pia sokoni. Fedha ilipimwa kwa vijiwe, na shekeli ya Yuda ilikuwa na uzito wa takriban gramu 11. Torati ilikataza kubeba mfukoni vijiwe vya aina mbili, kizito cha kununulia na chepesi cha kuuzia.

Ndugu msomaji, unapopima shamba, mwite jirani na mashahidi, muoneshane kila alama. Jirani akiwa mjane au yatima, ulinde mpaka wake kuliko unavyolinda wako.