Nintendo 3DS: duka limefungwa, programu mpya zingali zinatoka

Tarehe 8 Aprili 2024, kampuni ya Nintendo yenye makao yake Kyoto, Japani, ilizima huduma za intaneti za kifaa chake cha michezo cha mkononi, Nintendo 3DS. Mwaka mmoja kabla ya hapo, tarehe 27 Machi 2023, ilikuwa imekwisha kufunga duka la mtandaoni ambamo michezo ya kifaa hicho ilikuwa ikiuzwa. Kiwandani, utengenezaji wake ulikoma tangu Septemba 2020. Kwa hesabu za biashara, basi, 3DS ni kifaa kilichozikwa. Hata hivyo programu mpya za kukiendesha zingali zinatoka, nazo zinaandikwa na watu wasioajiriwa na Nintendo, wasiopewa kibali nayo, na wasiodai malipo.

Waingereza wamezipa programu za namna hii jina la pombe ipikwayo nyumbani. Katika makala haya tutaziita programu za kujitengenezea.

Kwanza kifaa chenyewe. 3DS ilianza kuuzwa Japani tarehe 26 Februari 2011, na mwezi uliofuata ikafika Ulaya na Marekani. Ina skrini mbili, na ile ya juu huonyesha picha zenye kina bila mtazamaji kuvaa miwani. Ilivuma: vifaa karibu milioni 76 viliuzwa, pamoja na ndugu zake waliofuata, kama 2DS ya mwaka 2013. Vingi kati ya hivyo vingali vizima, vimelala katika makabati na masanduku ya nguo.

Kwa familia zetu, ambazo ndugu wametawanyika katika mabara, 3DS ilikuwa na udhia wake wa pekee. Nintendo iliufungia mchezo kwa eneo la dunia. Mtoto aliyeletewa kifaa na shangazi kutoka Ubelgiji hawezi kucheza kadi ya mchezo iliyonunuliwa na binamu yake Kanada, kwa kuwa kifaa cha kwanza ni cha eneo la Ulaya na kadi ya pili ni ya eneo la Amerika. Kadi ni halali, imelipiwa dukani, na bado kifaa kinaikataa. Kabla ya hapo, michezo ya Game Boy na karibu yote ya Nintendo DS haikuwa na mpaka wa namna hiyo.

Udhia wa pili haukuonekana mapema. Kumbukumbu za mchezo uliopakuliwa kutoka duka la mtandaoni, yaani kule mchezaji alikofikia na alichokusanya kwa miaka, huhifadhiwa katika kadi ya SD, lakini hufungwa kwa ufunguo ulio ndani ya kifaa kile kimoja tu. Kifaa kikivunjika, kadi hubaki mkononi mwa mwenyewe kama sanduku lisilo na ufunguo. Hata fundi hodari wa simu hawezi kuisoma kwa njia ya kawaida.

Kufuli zote hizo zinasimama juu ya kazi ya prosesa mbili. Moja huendesha michezo na menyu ambazo mtumiaji anaziona. Ya pili ni bawabu: hukagua kila programu kabla haijaanza, na ile isiyo na saini ya kidijitali ya Nintendo huirudisha mlangoni. Anayetaka kuendesha programu yake mwenyewe lazima amshinde bawabu huyo, au apenye mahali ambapo bawabu hatazami.

Ufa wa kwanza uliotangazwa kwa watu wote bila malipo ulipatikana mwezi wa Novemba 2014, katika mchezo ambao karibu kila mtu alikuwa ameusahau. Cubic Ninja, mchezo wa mwaka 2011, uliwaruhusu wachezaji kubuni viwanja vyao na kupeana kwa msimbo wa QR. Mwandishi wa programu ajulikanaye kwa jina la mtandaoni la smealum aligundua kwamba mchezo huo haukupima ipasavyo data iliyokuwa ikiingia kutoka katika msimbo. Akatengeneza msimbo wa QR ambao, ukisomwa na kamera ya kifaa, uliingiza maagizo yake mahali pa kiwanja cha mchezo. Aliuita ufa huo ninjhax. Mara tu ulipotangazwa, kadi za Cubic Ninja zilizokuwa zikiuzwa kwa dola chache zikapanda hadi dola 40 na zaidi kwa wauzaji wa mitumba, na Nintendo ikauondoa mchezo huo katika duka lake la mtandaoni la Japani. Inafaa kukumbuka kwamba ninjhax haikuweza kuendesha michezo ya kunakili: ilimfikisha mtu kwa prosesa ya kwanza tu, na bawabu akabaki mahali pake. Lakini mpaka wa maeneo ya dunia uliweza kuvukwa, na kwa wengi hilo lilikuwa sababu tosha ya kuutafuta mchezo uliosahauliwa.

Tangu hapo ulianza mchezo wa paka na panya. Nintendo ilitoa sasisho, ufa ukazibwa. Mwingine ukapatikana, nao ukazibwa. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na kampuni haikuzembea kuziba. Ila ufa mmoja haukuwa wa kuzibika. Mwezi wa Desemba 2016, katika mkutano wa wadukuzi uliofanyika Hamburg, Ujerumani, watafiti walieleza kosa lililokuwa katika maagizo ya kwanza kabisa ambayo kifaa huyasoma kinapowashwa. Maagizo hayo yamechomwa ndani ya chipu kiwandani. Kosa lilikuwa katika namna ya kukagua saini: ilikuwapo njia ya kubuni saini ya uongo ambayo bawabu angeipokea kuwa ya kweli. Sasisho la intaneti haliwezi kubadilisha kilichochomwa ndani ya chipu, kwa hiyo kila kifaa cha 3DS kilichokwisha kuuzwa kina kosa hilo, na kitakuwa nalo hadi kife.

Mwezi wa Mei 2017 ikatoka programu ya boot9strap, iliyoutumia ugunduzi huo ili maagizo ya mwenye kifaa yatangulie mfumo wa Nintendo kila kinapowashwa. Miezi michache baadaye ikaja njia ya ajabu zaidi, ambayo hadi leo wengine hudhani ni mzaha: mtu huchukua kadi maalumu ya mchezo pamoja na sumaku, na kuiweka sumaku juu ya kifaa ili kihisi kwamba kifuniko chake kimefungwa. Kikiwashwa huku vitufe fulani vimebanwa, kifaa husoma maagizo kutoka katika kadi hiyo. Ni mlango waliouacha mafundi wa kiwandani kwa kazi zao za ukarabati.

Nintendo haikunyamaza. Mwezi wa Mei 2023, miezi miwili baada ya kufunga duka, ilitoa sasisho la mfumo namba 11.17, na baadhi ya njia zilizokuwa zikitumika zikafungwa. Jibu lilikuja mwaka huohuo: programu iitwayo MSET9, kazi ya mwandishi ajulikanaye kwa jina la zoogie. Kila 3DS huweka vitu vyake katika kadi ya SD ndani ya folda zenye majina marefu ya herufi na tarakimu. MSET9 hulibadilisha jina la folda mojawapo, na jina jipya ni maagizo ya prosesa yaliyoandikwa kwa sura ya herufi. Kifaa hulisoma jina na kuliweka katika kumbukumbu yake. Kisha, kwa sababu ya kosa jingine la mfumo, prosesa ya bawabu yenyewe huyatekeleza maagizo hayo. Hapahitajiki mchezo wa dola 40, wala kadi maalumu, wala sumaku. Kadi ya SD na kompyuta ya kuisomea vinatosha.

Ninaona hapo ndipo penye maana ya habari hii kwa msomaji wa kawaida. Mwaka 2014 aliyetaka kukifungua kifaa chake alipaswa kuwa na fedha na bahati ya kupata kadi adimu. Kufikia mwaka 2023 gharama ilikuwa imeshuka karibu na sufuri, wakati uleule ambapo mtengenezaji alikuwa akifunga milango yake mmoja baada ya mwingine.

Zinafanya nini basi programu hizi? Luma3DS ndiyo nguzo: ni mfumo unaokaa juu ya ule wa Nintendo na kuondoa mpaka wa maeneo, hivyo kadi ya binamu wa Kanada ikakubaliwa na kifaa cha Ubelgiji. GodMode9 huchukua nakala ya kumbukumbu yote ya kifaa, ili kikiharibika pawe na pa kurudia. Checkpoint huzitoa kumbukumbu za michezo kwenye kufuli lake na kuziweka katika faili za kawaida. Na kwa wale waliohuzunishwa na kuzimwa kwa intaneti mwaka 2024, upo mradi wa Pretendo unaojenga upya seva za kuchezea pamoja. Programu yake iitwayo Nimbus humwezesha mtumiaji wa 3DS kuhamia katika seva hizo. Bado si michezo yote inayofanya kazi humo. Haya yote huandikwa na watu wa kujitolea, wengi wao wakitumia vifaa vya uandishi vya bure vya devkitPro.

Uharamia ndio kivuli kinachoifuata kazi hii. Kifaa kilichofunguliwa ili kivuke mipaka kinaweza pia kuendesha michezo iliyonakiliwa bila malipo, na hakuna ufundi unaoweza kuzitenga nia hizo mbili. Mahakama zimelisumbukia jambo hili. Kampuni ya Italia iitwayo PC Box iliuza vifaa vilivyowezesha Nintendo DS na Wii kuendesha programu zisizo na idhini, ikajitetea kwamba wateja wake walitaka kusikiliza muziki, kutazama filamu na kuendesha programu za kujitengenezea. Tarehe 23 Januari 2014 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilisema kwamba kufuli la mtengenezaji hulindwa na sheria, ila kwa kipimo: hakimu wa nchi husika atazame kama lipo kufuli jingine ambalo lingezuia wizi bila kuzuia matumizi halali, na atazame pia watu wanavitumia vifaa hivyo kwa kazi gani hasa. Kesi iliporudi Milano, mwaka 2015 Nintendo ikashinda. Nchini Marekani adhabu imekuwa kali zaidi kwa wanaouza: Gary Bowser, raia wa Kanada aliyekuwa katika kundi lililouza vifaa vya kuvunja kufuli za Nintendo, alihukumiwa kifungo cha miezi 40 mwezi wa Februari 2022. Waandishi wa programu za bure tuliowataja wanajitenga na biashara ya namna hiyo, lakini haimaanishi kwamba sheria ya kila nchi inawatazama kwa jicho la upole.

Upande wa pili wa mizani upo pia. Utafiti uliotolewa mwaka 2023 na taasisi ya Marekani ya Video Game History Foundation ulionyesha kwamba asilimia 87 ya michezo ya video iliyotoka nchini humo kabla ya mwaka 2010 haipatikani tena madukani. 3DS ilikuja baada ya mwaka huo, lakini njia yake ni ileile. Duka lake lilipokaribia kufungwa, mtayarishaji mmoja wa video wa Marekani alitumia karibu mwaka mzima na zaidi ya dola 22,000 kununua kila mchezo uliokuwamo, 1,547 ya 3DS na 866 ya Wii U, ili nakala zihifadhiwe. Mwezi wa Oktoba 2024 Ofisi ya Hakimiliki ya Marekani ilikataa ombi la kuruhusu maktaba ziwafungulie watafiti michezo ya zamani kwa njia ya intaneti. Aliyeinunua michezo yake wakati duka lingali wazi bado anaweza kuipakua tena kutoka seva za Nintendo. Kampuni haikutaja siku ya kuufunga mlango huo, wala haikuahidi kuuacha wazi daima.

Kwa msomaji mwenye 3DS nyumbani na anayefikiria kuifungua, yapo machache ya kuzingatia. Programu zote zilizotajwa hapa ni za bure, kwa hiyo anayezidai malipo anauza kisicho chake, na huenda anachokuuzia kina virusi. Maelekezo hubadilika kila toleo jipya linapotoka, na video ya miaka mitano iliyopita inaweza kukipoteza kifaa. Betri iliyokaa miaka bila kuchajiwa ikaguliwe kwanza. Ikiwa imevimba, isichomekwe kwenye umeme. Ukiona ni salama, chaji ijae, kwa maana umeme ukikatika katikati ya kuandika upya kumbukumbu, kifaa huweza kutowaka tena. Na kabla ya kugusa chochote, nakili kila kilichomo katika kadi ya SD uweke ndani ya kompyuta, hasa ikiwa kifaa ni cha mtoto. Mchezo mwingine unaweza kununuliwa. Miaka minne ya kumbukumbu zake haiuzwi popote.