Kura Moja ya Nathdwara

Nathdwara, katika jimbo la Rajasthan nchini India, ni mji wa mahujaji wa Krishna. Desemba 2008, C. P. Joshi, kiongozi wa Congress jimboni aliyetajwa kuwa waziri kiongozi mtarajiwa, alipata humo kura 62,215. Kalyan Singh Chouhan wa BJP alipata 62,216. Congress ikaunda serikali, lakini uongozi ukamwendea Ashok Gehlot.

Ingeongezeka kura moja, sheria ingeamuru mshindi apatikane kwa bahati nasibu. Zingeongezeka mbili, Joshi angeshinda.

Mwaka 2018 eneo bunge hilohilo lilimrudisha, akawa Spika. 2023 likamwangusha tena. Nathdwara, asiyepiga kura naye huamua, ila hahesabiwi.