Shamba la Ngozi

Januari na Februari, Mombasa, kioo si rafiki. Unatoka nyumbani Tudor umenawa uso vizuri, na ukifika Likoni kungoja feri pua imeshang'aa kama sufuria jipya. Jasho halikauki maana hewa yenyewe imejaa maji. Linakaa pale pale juu ya ngozi, likichanganyika na mafuta, vumbi na moshi wa matatu, na kesho yake asubuhi kipele kiko kidevuni, chekundu, kinauma. Kiswahili kina neno moja, chunusi, kwa kipele hicho na kwa pepo wa majini anayewavuta waogeleaji chini. Nilipokuwa kidato cha pili niliona wazee hawakukosea.

Miezi michache iliyopita nilinunua tyubu ya tretinoini kwenye kemisti. Mfamasia akanieleza: usiku tu, kiasi cha punje ya njegere, uso uwe mkavu, na mchana usisahau krimu ya kuzuia jua. Hakuniambia dawa hiyo imetoka wapi, na sikumuuliza. Niliyasoma baadaye, usiku, uso ukiwasha.

Tuanze na joto, maana kuna watu waliolipata kwa ghafla kuliko sisi. Vita vya Pili vya Dunia vilipowapeleka maelfu ya wanajeshi wa Uingereza na Marekani Asia na visiwa vya Pasifiki, madaktari wao walikutana na chunusi ambazo hawakuzoea kuziona. Hazikuwa za usoni tu. Zilijaa mgongoni, matakoni, mapajani, majipu makubwa yanayotoa usaha, hata kwa wanaume waliokuwa wameshaacha ujana na chunusi zake. Walioathirika zaidi walikuwa wale wanaobeba mizigo mgongoni na kuvaa nguo zilizolowa jasho siku nzima. Wakaziita chunusi za tropiki. Vita vya Vietnam vikarudisha hadithi ile ile. Dawa za kupaka zilisaidia kidogo sana. Tiba iliyofanya kazi ilikuwa kumpeleka askari kwenye baridi. Sisi ambao tropiki ndiyo nyumbani hatukuandikiwa tiba ya namna hiyo, bila shaka.

Maelezo yenyewe si magumu. Ngozi ikipata joto, tezi zake hutoa mafuta zaidi. Ikilowa muda mrefu, seli zilizo kwenye mlango wa kinyweleo hufura na kuubana. Mafuta yanakosa njia, bakteria wanaoishi humo wanapata karamu, na mwili unaleta uvimbe.

Sasa twende Philadelphia. Mwaka 1951 daktari wa ngozi wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Albert Kligman, aliitwa kwenye gereza la Holmesburg kwa sababu wafungwa walikuwa na fangasi wa miguu. Aliingia akakuta mamia ya wanaume wamefungiwa mahali pamoja, wanakula chakula kimoja, hawawezi kwenda popote. Baadaye alimsimulia mwandishi wa gazeti kwamba alichokiona mbele yake ni eka na eka za ngozi, na kwamba alijihisi kama mkulima anayetazama shamba lenye rutuba kwa mara ya kwanza. Alilima shamba hilo hadi mwaka 1974.

Wafungwa wengi walikuwa Waamerika Weusi, na wengi hata kesi zao zilikuwa hazijasikizwa. Walikuwa ndani kwa kukosa pesa za dhamana. Kukubali kupakwa kitu mgongoni kulilipa kuliko kazi nyingine yoyote ya gerezani, kwa hivyo walikubali. Usiseme walilazimishwa, wala usiseme walikuwa huru kukataa. Walijaribiwa manukato, shampuu, dawa za ngozi. Jeshi la Marekani lililipia majaribio ya kemikali zake. Kampuni ya Dow Chemical ilitaka kujua dioksini inafanya nini kwenye ngozi ya binadamu, na Kligman akawapaka baadhi yao kiasi kilichozidi mara mia kadhaa kile alichoruhusiwa na kampuni yenyewe. Dioksini, ukitaka kujua, huleta chunusi za aina mbaya kabisa, zinazoweza kukaa miaka. Huyu ndiye mtu aliyetupa dawa ya chunusi.

Maana alitupa kweli. Mwaka 1969 yeye na wenzake walichapisha kwamba asidi ya vitamini A, yaani tretinoini, ikipakwa usoni huzuia vinyweleo visizibe. Wafungwa wa Holmesburg walikuwa miongoni mwa waliojaribiwa. Mwaka 1971 serikali ya Marekani iliidhinisha dawa hiyo, ikauzwa kwa jina la Retin-A, na miaka ya baadaye ilipojulikana kwamba inapunguza pia makunyanzi, pesa zilimiminika. Haikuwamiminikia waliokodisha migongo.

Mwaka huo huo wa 1971 kijana mmoja, Allen Hornblum, aliingia Holmesburg kufundisha wafungwa kusoma na kuandika. Aliwaona wanaume wenye vipande vya bandeji mgongoni na mikononi, akadhani wamepigana kwa visu. Akaambiwa, aah, hapo wanajaribu manukato tu. Kitabu chake kilitoka mwaka 1998. Mwaka 2000 karibu wafungwa 300 wa zamani walienda mahakamani, na kesi ikatupwa kwa kuwa muda wa kushtaki ulikuwa umepita. Kligman alikufa mwaka 2010 bila kuona alichokosea. Chuo chake kiliomba radhi mwaka 2021, na jiji la Philadelphia mwaka 2022.

Kuna jambo jingine lililonigusa karibu zaidi. Mwaka 1970 Kligman na wenzake waliandika juu ya chunusi walizoziona kwa wanaume Weusi waliopaka mafuta mazito ya nywele: vipele vidogo vidogo kwenye paji la uso na pembeni mwa macho, pale mafuta yanapoteremkia. Nikajiona. Nani kati yetu hakupakwa Vaseline kabla ya kwenda shule, uso mzima, magoti, hadi ukang'aa kama umetoka kukaangwa? Mtoto kupauka ilikuwa aibu ya mama. Lakini mwaka 1996 Kligman huyo huyo alirudi na makala nyingine akisema petroli jeli yenyewe haizibi vinyweleo, na kwamba majaribio ya zamani kwenye masikio ya sungura yalikuwa yamepotosha watu. Kwa hivyo mama hakuwa na hatia, angalau si yote. Ile pomedi yenye mafuta kumi na harufu ya waridi, hiyo bado naishuku.

Kwa ngozi nyeusi, kipele chenyewe ni nusu ya shida. Kikipona kinaacha doa, na doa linaweza kukaa miezi. Na hapo kwenye doa ndipo wauzaji walipotungoja. Krimu za zebaki zilitangazwa kwamba zinaondoa madoa, vipele na weusi, kana kwamba vyote vitatu ni ugonjwa mmoja. Zebaki huzuia ngozi isitengeneze rangi, ni kweli. Halafu inapenya na kwenda kwenye figo. Mwaka 1972 madaktari waliandika kwenye British Medical Journal kuhusu wagonjwa 60 wa Hospitali ya Kenyatta, Nairobi, waliovimba mwili kwa sababu figo zao zilikuwa zinavuja protini. Wengi walikuwa wakijipaka krimu za kung'arisha ngozi zenye zebaki. Baadhi yao walipoziacha, figo zilipata nafuu. Ona tarehe: Retin-A ilikuwa na mwaka mmoja sokoni. Ulaya ilikuja kupiga marufuku vipodozi vya zebaki kwa watu wake, huku sabuni hizo zikiendelea kutengenezwa huko huko kwa ajili ya kuuzwa Afrika. Mkataba wa Minamata, wa mwaka 2013, ulipanga kukomesha krimu za zebaki kufikia 2020. Bado kuna mikoba inayofunguliwa vichochoroni, na ndani yake tyubu zisizo na orodha ya kilichomo.

Pwani tulikuwa na chetu kabla ya haya yote. Liwa: mti wa harufu unaosagwa juu ya jiwe, msio, kwa marashi ya mawaridi, kisha unapakwa usoni na kuachwa ukauke. Wakomoro na watu wa kaskazini mwa Madagascar wanapaka kama hivyo hivyo, mchana kweupe, sokoni, bila kumwonea mtu haya. Liwa haifungui kinyweleo kilichoziba kama tretinoini, na sitakudanganya kwamba itaponya majipu ya kidevu. Lakini inapoza, inanyonya mafuta, na hakuna aliyefungiwa gerezani ili ipatikane.

Bibi yangu anao msio wake bado, umechimbika katikati kama sahani kwa miaka ya kusugua. Nilipomwonyesha tyubu yangu aliinusa, akaigeuza, akauliza bei. Nikamwambia. Akauliza tena, polepole, kama hakusikia, kisha akanituma nimletee maji.