Sonona ya Waja Wazito na Tarehe ya Dawa Zake

Katika mwaka 1858 tabibu mmoja wa Paris, Louis-Victor Marcé, aliyekuwa na umri wa kama miaka 30 tu, alipiga chapa kitabu juu ya maradhi ya akili yawapatayo waja wazito, wazazi na wanaonyonyesha, akakusanya humo habari za wanawake 310. Na kitabu hicho ndicho ambacho matabibu wa fani hiyo hata leo hukihesabu kuwa msingi wa elimu yao. Kubwa alilolifanya Marcé, kwa rai yangu, ni mgawanyo wake kuliko wingi wa wagonjwa aliowaandika, kwani hakumtia mja mzito katika fungu moja na mwanamke aliyekwisha kujifungua, bali alimpa mlango wake mwenyewe, akaeleza kwamba huzuni nzito yaweza kuanza wakati mtoto angali tumboni. Esquirol, aliyemtangulia katika elimu hiyo, alikuwa amekwisha kusema kwamba wanawake wauguao akili baada ya kuzaa waonekanao hospitalini ni wachache mbele ya wale wauguzwao majumbani, ambao habari zao hazifiki popote. Marcé alifariki mwaka 1864, na mlango ule wa waja wazito ukafungwa kwa muda mrefu. Waliomfuata walishughulika zaidi na wazimu wa baada ya uzazi, ilhali mimba yenyewe ilidhaniwa na wengi kuwa ni hifadhi, ati mwanamke mwenye kiumbe tumboni hana nafasi ya kuvunjika moyo.

Dhana hiyo haikuwa ya Wazungu peke yao. Katika mwambao wetu mja mzito alienziwa kwa kila alichokitamani, na akionekana ameinamia, hali, halali, haneni, watu wa nyumbani walisema ni mimba inayomsumbua, au ni kijicho, au ni jini. Mwalimu akaitwa, aya zikaandikwa kwa zafarani katika sahani, zikakoshwa kwa maji, na mgonjwa akanywa kombe. Mimi siwezi kuyadharau hayo, maana mwanamke aliyenyweshwa kombe alikuwa angalau ameonwa, na nyumba nzima imekiri kwamba ana maradhi. Na alipokwisha kujifungua alipewa siku arobaini za kutopika wala kuteka maji, za kukandwa kwa maji ya moto, kunyweshwa uji wa pilipili manga na kukaa katikati ya wanawake wenziwe, msaada ambao hospitali nyingi za zama hizi haziwezi kuutoa kwa fedha yoyote. Lakini arobaini ilihesabiwa tangu siku ya kuzaa, na miezi iliyoitangulia haikuwa na arobaini yake.

Ama dawa za sonona zilipatikana pasipo mtu kuzikusudia. Mwaka 1952, katika hospitali ya Sea View huko New York, wagonjwa wa kifua kikuu waliopewa dawa mpya iitwayo iproniazidi walichangamka kupita kiasi kilichotazamiwa, na miaka mitano baadaye daktari wa akili Nathan Kline akaitangaza kuwa dawa ya walioshuka moyo. Huko Münsterlingen, kwenye ukingo wa ziwa katika nchi ya Uswisi, daktari wa akili Roland Kuhn alikuwa na dawa nyingine, imipramini, ambayo ilikuwa imeshindwa katika maradhi ya akili iliyotarajiwa kuyatibu. Januari 1956 akampa mwanamke mmoja aliyezama katika sonona, naye baada ya siku chache akawa mtu mwingine. Septemba 1957 Kuhn aliieleza habari hiyo mbele ya mkutano wa dunia wa madaktari wa akili mjini Zürich, na waliokuja kumsikiliza walikuwa kama watu kumi na wawili.

Mwezi uliofuata, Oktoba 1957, katika Ujerumani ya Magharibi ilianza kuuzwa dawa ya usingizi iitwayo thalidomidi, ikisifiwa kuwa salama kuliko zote, na waja wazito wakaimeza kwa kichefuchefu. Hadi ilipoondolewa sokoni huko mwezi wa Novemba 1961, baada ya Widukind Lenz wa Hamburg na William McBride wa Sydney kuonya, watoto wanaokadiriwa kuzidi 10,000 ulimwenguni walikuwa wamezaliwa na viungo vilivyopunguka, na wengi wao hawakuishi. Marekani iliokoka kwa sehemu kubwa kwa sababu Frances Kelsey, aliyekuwa mkaguzi wa dawa wa serikali, alikataa kuipa idhini licha ya kusukumwa. Msiba ule haukuihusu sonona hata kidogo, lakini ndio uliotawala yote yaliyofuata. Mwaka 1977 serikali ya Marekani iliagiza kwamba wanawake wawezao kushika mimba wasiingizwe katika majaribio ya mwanzo ya dawa, na agizo hilo halikutenguliwa mpaka 1993. Mwaka 1979 dawa zikagawanywa kwa herufi A, B, C, D na X, na daktari aliyetaka kujua hatari yake kwa mimba akaangalia herufi. Nia ilikuwa njema, wala hapana mwenye moyo atakayelaumu hofu ya watu waliowaona watoto wale. Hata hivyo mizani ilikuwa imejazwa upande mmoja tu: madhara ya dawa yaliandikwa, na madhara ya ugonjwa usiotibiwa hayakuandikwa mahali popote, kana kwamba mwanamke aliyeacha dawa yake amerudi katika uzima.

Upande wa pili ulianza kupata uzito katika Uganda. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 daktari Mwingereza John Cox, aliyekuwa akifundisha Makerere, alikwenda katika kituo cha afya cha Kasangati, karibu na Kampala, akawauliza waja wazito zaidi ya mia mbili habari za nafsi zao, akawalinganisha na wanawake wasio na mimba. Akaona kwamba wenye mimba ndio waliokuwa na maradhi zaidi ya wahka na sonona. Baganda walimweleza pia juu ya amakiro, ugonjwa wa mzazi ambao wao waliunasibisha na uzinzi wa mume au mke wakati wa mimba. Basi mwanamke aliyechanganyikiwa alibeba maradhi yake na tuhuma juu yake. Matokeo ya Kasangati yalichapishwa mwaka 1979. Cox alipohamia Scotland aliwauliza wanawake wa huko vilevile, na mwaka 1987 yeye, Jeni Holden na Ruth Sagovsky wakatoa kipimo cha Edinburgh: maswali kumi juu ya siku saba zilizopita, kila moja lenye alama kutoka 0 hadi 3. Hekima yake ni kwamba waliyaacha makusudi maswali ya mwili kama uchovu na hamu ya chakula, kwa kuwa kila mwanamke aliyetoka kujifungua amechoka, wakauliza kama bado aweza kucheka, kama anajilaumu bila sababu, na mwishoni kama amewaza kujidhuru. Mkunga asiye daktari wa akili aweza kukitumia katika dakika chache. Na ni kipimo hikihiki ambacho, katika utafiti wa wanawake zaidi ya 9,000 wa Avon nchini Uingereza uliotolewa mwaka 2001, kilionyesha alama za sonona kuwa nyingi zaidi katika wiki ya 32 ya mimba kuliko wiki ya nane baada ya kuzaa. Mlango wa Marcé ukafunguliwa tena.

Wakati huo zilikuwa zimekuja dawa za namna mpya, fluoksetini ikiwa imeidhinishwa Marekani Desemba 1987, zenye hatari ndogo kuliko za kwanza na kwa hiyo zenye kutumiwa na watu wengi, wajawazito wakiwamo. Mwaka 2005 likatoka onyo juu ya mojawapo, paroksetini, kuhusu kasoro za moyo wa mtoto. Kisha ukaja Februari 1, 2006, siku ambayo Lee Cohen na wenziwe walitoa habari za wanawake 201 wa Marekani wenye sonona ya kurudirudi, waliokuwa wazima waliposhika mimba: katika walioacha dawa, 68 kwa kila 100 waliugua tena kabla ya kuzaa, na katika walioendelea nazo, 26. Siku nane baadaye Christina Chambers na wenziwe wakatoa utafiti mwingine, kwamba mtoto aliyepokea dawa hizi katika nusu ya pili ya mimba ana hatari kubwa zaidi ya kuzaliwa na shinikizo la damu la mapafu, maradhi yapatayo watoto kama mmoja au wawili tu katika kila 1,000. Namfikiria mwanamke mwenye mimba ya miezi mitano aliyesoma magazeti mwezi ule. Aliambiwa akiacha ataugua, asipoacha atamdhuru mwanawe, na yote mawili yalisemwa na wanazuoni wa haki.

Miaka iliyofuata ilipunguza ukali wa pande zote. Mwaka 2011 utafiti wa Kimberly Yonkers, katika wanawake ambao wengi hawakuwa na historia nzito kama wale wa Cohen, haukuona tofauti ile kubwa ya kuugua tena; na mwaka 2014 Krista Huybrechts na wenziwe, waliochungua mimba 949,504 za Marekani, waliona kwamba ukishahesabu tofauti za afya na maisha ya wanawake wenyewe, dawa hizi haziongezi kwa kiasi kikubwa kasoro za moyo. Hatari ya mapafu nayo ikaonekana kuwa ndogo kuliko ilivyohofiwa. Yaliyobaki ni ya kusemwa wazi: baadhi ya watoto huzaliwa wakitetemeka, wakilia sana na kunyonya kwa shida, nayo aghalabu huisha katika siku au wiki chache. Juni 2015 zile herufi zikaanza kuondolewa, na mahali pake pakawekwa maelezo ya kumsaidia daktari apime hatari ya dawa pamoja na hatari ya ugonjwa, na ashauriane na mwanamke mwenyewe.

Msaada usio wa vidonge ulipata ushahidi wake katika vijiji vya Rawalpindi, Pakistan. Mwaka 2008 Atif Rahman na wenziwe walieleza jinsi wanawake wa kawaida wa afya ya jamii, waliosoma shule ya sekondari na kufunzwa kwa siku chache, walivyowatembelea wenye sonona nyumbani mwao, wakazungumza nao kwa utaratibu juu ya mawazo yao, miili yao na watu wanaowazunguka. Miezi sita baada ya kuzaa, 23 kwa kila 100 walikuwa bado wana sonona, na katika wale waliotembelewa bila mazungumzo hayo, 53. Ziara hizo hazikungoja uzazi. Zilianza katika mwezi wa mwisho wa mimba, mara moja kila wiki, na kuendelea mpaka mtoto alipokaribia mwaka. Na mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani likautoa mpango huo uwe mwongozo wa nchi nyingine, likiagiza kwamba mwanamke ambaye sonona yake ni nzito apelekwe kwa mtaalamu.