Watumishi Wadogo

Apitaye leo Gitothua, katika Ruiru, huona nyumba za kupanga zimejaa mahali ambapo pande zote zilijulikana zamani kwa kahawa na mkonge. Mashamba ya namna hiyo ndiyo yaliyowatoa watoto wengi vijijini. Mwezi wa Oktoba 1919 Gavana Edward Northey alitoa waraka uliowataka maofisa na machifu wahimize watu kuwafanyia walowezi kazi, hata wanawake na watoto. Jikoni mwa walowezi wavulana wadogo waliteka maji na kuchanja kuni. Waliitwa "toto" tu, kana kwamba hawakupewa majina na wazazi wao.

Uhuru ulikuja mwaka 1963. Walowezi wengi waliondoka, lakini mtumishi mdogo alibaki jikoni. Bwana wake sasa alikuwa Mwafrika mwenziwe, pengine jamaa aliyemwahidi mama kwamba bintiye atasomeshwa mjini. Wasichana wengi walikuta, badala ya shule, mtoto wa kubeba mgongoni na mshahara usiofika mkononi.

Mwezi wa Januari 2003 ada ya shule za msingi za serikali iliondolewa, na Sheria ya Ajira ya 2007 ikakataza kumwajiri mtoto asiyetimiza miaka 13. Lakini mlango wa nyumba hufungwa, na mkaguzi haingii. Wahenga walinena: uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Mzazi yu mbali. Jirani yu karibu. Basi, msomaji, umwonapo mwenzio akifua nguo saa ya masomo, muulize kwanza jina lake.