Unga wa njano juu ya uwanda wa Makonde

Mfuko wa salfa una kilo 25. Kwa kipimo ambacho watafiti wa kituo cha Naliendele waliwafundisha wakulima tangu mwanzo, robo kilo kwa mkorosho mmoja kila mzunguko wa kupuliza, mfuko huo unamaliza miti 100 kwa asubuhi moja au mbili. Mizunguko ni mitano, kila baada ya siku 14, kuanzia maua yanapochomoza. Mwenye mikorosho 100 Newala, kusini mwa Tanzania, anahitaji mifuko mitano kwa mwaka, na hapo hajawalipa vijana wa bomba wala hajanunua petroli. Huku Juni ni mwezi wa salfa kama Oktoba ulivyo mwezi wa mnada.

Ukisikia watu wanavyoizungumzia, utadhani salfa ilikuja pamoja na mkorosho. Sivyo. Mkorosho uliletwa na Wareno kutoka Brazil katika karne ya 16, na kwa karibu miaka 400 ukaota pwani na bara bila mtu kuupuliza chochote. Salfa ya Masasi na Newala ina umri wa mtu mzima wa makamo tu. Ililetwa na ugonjwa, na ugonjwa wenyewe ulitambuliwa rasmi Tanzania mwaka 1979.

Ugonjwa huo ni ubwiriunga. Kuvu inayouleta, ambayo wataalamu huiita Oidium anacardii, ilikuwa imeshaelezwa Brazil mwishoni mwa karne ya 19. Hupenda majani machanga na maua. Usiku wa baridi wenye umande, mchana mkavu usio na mvua, basi imepata makazi. Na hali hiyo ndiyo Juni hadi Septemba ya uwanda wa Makonde, wakati uleule mkorosho unapotoa maua. Shada la maua huonekana kama limenyunyiziwa unga wa muhogo, kisha hugeuka kahawia, hukauka na kupukutika. Likiachwa bila tiba katika mwaka mbaya, shamba linaweza kupoteza zaidi ya nusu ya mavuno.

Si haki, hata hivyo, kuutwika ubwiriunga lawama zote za anguko la korosho. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilikusanya karibu tani 145,000. Kufikia mwaka ugonjwa ulipotambuliwa, mavuno yalikuwa yameshashuka chini ya nusu ya hapo, na msimu wa 1986/87 hayakufika tani 20,000. Katikati ya hapo palipita Operesheni Vijiji. Watu walihamishwa kwenda vijiji vipya, na Kusini vita vya ukombozi wa Msumbiji ng'ambo ya Ruvuma viliongeza haraka ya kuwakusanya watu pamoja. Mikorosho haikuhama nao. Ilibaki kwenye mahame, mbali na macho ya wenyewe, haipaliliwi wala haipogolewi, matawi yakafungamana hata jua halifiki chini. Bei aliyolipwa mkulima nayo haikumshawishi kutembea saa kadhaa kuokota korosho. Serikali ilikuwa imekopa kujenga viwanda vya kubangua, na vingi vikaja kusimama kwa kukosa cha kubangua. Kuvu ilikuta misitu ya mikorosho iliyotelekezwa, yenye kivuli na unyevu, ikajichumia.

Dawa yake haikuwa ngeni duniani. Mwaka 1845 mtunza bustani Edward Tucker aliona unga kama huo kwenye mizabibu huko Margate, Uingereza. Miaka michache baadaye ulikuwa umevuka bahari na kufyeka mashamba ya zabibu ya Ufaransa, na ilipofika 1854 watengeneza mvinyo walikuwa wanalia. Kilichowaokoa ni salfa iliyosagwa na kunyunyiziwa juu ya mizabibu, kazi ambayo Henri Marès wa Montpellier aliipigania kwa bidii. Kuvu za jamaa hii haziingii ndani sana ya jani. Huishi juu ya ngozi yake na kuzamisha vinyonyeo vidogo tu, kwa hiyo unga unaotua juu na kutoa mvuke jua likipanda huzifikia palepale zilipo. Salfa ya wakati ule ilichimbwa Sicily. Ya leo, karibu yote duniani, ni mabaki ya kusafisha mafuta na gesi.

Naliendele, kituo cha utafiti wa kilimo kilicho nje kidogo ya mji wa Mtwara, ndicho kilichoifanyia salfa majaribio kwenye mikorosho yetu. Mwishoni mwa miaka ya 1980 salfa ilianza kusambaa mashambani, na mavuno yakaanza kunyanyuka. Lakini watafiti wa kituo hicho hawakuwa na salfa peke yake mkononi. Walijaribu pia viuatilifu vya maji, na vilifanya kazi: mililita chache za dawa ndani ya kama lita moja ya maji kwa mti, mizunguko mitatu badala ya mitano, kila baada ya wiki tatu. Kwenye karatasi, dawa ya maji ilikuwa na sifa zote. Mbona basi unga ndio ulioshinda?

Jibu liko chini ya miguu. Uwanda wa Makonde unapanda taratibu kutoka baharini hadi karibu mita 900 kwenye kingo zake za magharibi, ambako ukisimama Shimo la Mungu pale Newala unaona bonde la Ruvuma lote na milima ya Msumbiji. Mvua inanyesha, tena si haba, lakini mchanga mzito unainywa yote. Juu hakuna mto wala chemchemi. Kwa vizazi, kina mama walishuka mtelemko kutafuta maji bondeni na kupanda nayo kichwani. Miaka ya 1950 Shirika la Maji la Makonde liliundwa ili kuyasukuma maji kutoka mabondeni kwa mashine, na miaka ya 1970 Wafini wakaja na mradi wao mkubwa wa maji wa Mtwara na Lindi. Mashine ziliharibika, dizeli iliadimika, mabomba yalipasuka. Kijiji kilichopata maji wiki hii hakikuwa na uhakika wa wiki ijayo.

Piga hesabu sasa. Mikorosho 100 kwa dawa ya maji ni lita 100 kwa mzunguko, ndoo tano. Mwenye miti 400 anataka ndoo 20. Mwambie mama aliyetoka mtoni usiku akiwa na ndoo moja ya kupikia na kuogeshea watoto kwamba 20 zinakwenda kumwagwa kwenye mikorosho! Salfa haikuomba hata kikombe. Ilimwagwa ndani ya bomba ikiwa kavu, ikapulizwa ikiwa kavu. Masasi, chini ya uwanda, kwenye yale majabali yake makubwa, shida ya maji ina sura nyingine, lakini hata huko unga ulikuwa rahisi kubeba, kugawana na kutunza. Kwa maoni yangu wakulima hawakukosea kuuchagua. Kwa hali ilivyokuwa, hapakuwa na chaguo jingine la maana.

Kazi yenyewe hufanywa alfajiri, upepo ukiwa haujaamka na majani yakiwa bado na umande wa kunatisha unga. Mmoja anabeba bomba lenye injini mgongoni, mwingine anamfuata na ndoo ya salfa na kopo la kupimia. Bomba likinguruma, wingu la njano linapanda hadi kileleni, linatanda, kisha linashuka polepole juu ya mti, juu ya ardhi na juu ya wapulizaji. Kinga mara nyingi ni kitambaa kilichofungwa puani na kofia. Jua likitoka jasho huchanganyika na unga, macho yanawasha, ngozi ya shingo inachoma, kikohozi kinaanza. Wapo wanaokunywa maziwa baada ya kazi wakiamini yanasafisha kifua. Maziwa huenda tumboni, kifua hayakigusi. Tena salfa ni unga unaoshika moto, na injini iliyopata joto si ya kuichezea wakati wa kujaza. Newala, ambako mikorosho imesogea hadi ukutani mwa nyumba, wingu hilo halijui mpaka: hutua kwenye kamba ya nguo, kwenye ungo wa makopa na kwenye uso wa mtoto anayejiandaa kwenda shule.

Soko nalo likaifanya salfa iwe ya lazima zaidi. Biashara ilipofunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, wanunuzi binafsi waliingia vijijini. Mwaka 2007 ukaja mfumo wa stakabadhi ghalani, vyama vya msingi na minada. Lakini fedha ya korosho huja kuanzia Oktoba, na salfa inatakiwa Juni, wakati mfuko wa mkulima hauna kitu. Kwenye pengo hilo kangomba imejenga kiota: mwenye fedha anatoa leo, anajilipa kwa korosho za kesho kwa bei anayoitaka yeye. Wengi walioingia kwenye kangomba hawakutafuta anasa, walitafuta salfa. Serikali ilipoamua kuigawa bure mwaka 2017, ilikuwa inagusa jeraha lenyewe. Msimu wa 2017/18 nchi ikavuna zaidi ya tani 313,000, na ruzuku ya pembejeo imekuwa hoja ya kila msimu kuanzia hapo. Mifuko ikichelewa kufika, utasikia bungeni.

Muda mrefu kabla ya kelele hizo za mifuko, watafiti wachache walikuwa wanaangalia salfa inakoishia. Mwaka 1997 Amos Majule na wenzake walichapisha uchunguzi juu ya athari za salfa ya mikorosho kwa mazingira ya kusini mwa Tanzania. Mwaka 2003 watafiti wa Naliendele, pamoja na wenzao wa chuo kikuu cha Leuven, Ubelgiji, walichapisha mwingine uliouliza waziwazi kama salfa inautia tindikali udongo wa mikorosho. Swali lilikuwa na msingi. Salfa haipotei ikishaua kuvu. Inapukutika, mvua ya Desemba inaichanganya na udongo, na humo kuna bakteria ambao chakula chao ni salfa hiyohiyo. Wanachotoa wakishakula ni asidi ya salfuriki, ile ya kwenye betri ya gari.

Tuchukue mti mmoja. Kilo moja na robo kwa mwaka, kwa miaka kumi, ni kilo 12 na nusu za salfa. Kama yote ingeangukia chini ya mti na kugeuka, ingetoa kama kilo 38 za asidi, na kuituliza kungehitaji kama kilo 39 za chokaa ya mawe. Kwa miti 100 ni karibu tani nne za chokaa. Bila shaka si yote inayoangukia hapo. Nyingine inabebwa na upepo hadi kwa jirani, ambayo si faraja kwa jirani. Udongo wa mfinyanzi ungeweza kuvumilia kwa muda. Mchanga wa uwanda wa Makonde hauna nguvu hiyo. Kadiri tindikali inavyopanda, kalsiamu, magnesi na potasi huyeyuka na kuzama na maji, na udongo ukizidi kuchachuka alumini inalegea na kuanza kuunguza mizizi.

Ugumu wa suala hili ni kwamba mkorosho wenyewe haulalamiki. Ni mti unaovumilia udongo mchachu, na mizizi yake inakwenda mbali chini. Muhogo nao ni mvumilivu. Yanayoumia mapema ni mbaazi, kunde, karanga na njugu mawe, mazao yanayopandwa katikati ya mikorosho, ambayo bakteria wa mizizi yao hawapendi tindikali. Kwa hiyo korosho zinaweza kuongezeka kwenye takwimu za taifa huku debe la kunde likipungua kwenye ghala la nyumbani, na hakuna mnada wa kunde utakaopiga kelele. Kwa bahati mbaya, desturi ya kufagia chini ya mikorosho na kuchoma majani ili korosho zionekane kirahisi huondoa mboji, ambayo ndiyo ngao pekee ya mchanga huo.

Njia za kupunguza unga zipo, na nyingine ni za zamani kama majaribio ya Naliendele yenyewe. Kupogolea mti na kung'oa maotea ya ndani mwezi Mei na Juni huinyima kuvu pa kuanzia na kuuchelewesha ugonjwa. Miche bora ya Naliendele imechaguliwa pia kwa kustahimili ubwiriunga. Mikorosho mingi ya wazee inang'olewa sasa na kubadilishwa, hivyo nafasi ya kuanza na miti inayohitaji salfa kidogo iko wazi. Dawa za maji nazo zimeingia kwenye ruzuku, na mradi wa maji wa miji 28 unaofadhiliwa kwa mkopo wa India umeihusisha skimu ya Makonde. Maji yakifika, dawa hizo zitaongezeka, na zitakuja na maswali yake: kuvu huzizoea ikipulizwa dawa ya aina moja kila mwaka, jambo ambalo salfa haijawahi kukumbwa nalo.

Kinachonishangaza ni chokaa. Orodha za pembejeo za korosho husomwa kila msimu, salfa ya unga, viuatilifu vya maji, mabomba. Chokaa sijawahi kuisikia humo. Si kwamba iko mbali. Mtwara kuna mawe ya chokaa ya kutosha kulisha kiwanda cha saruji cha Dangote tangu 2015, na barabara ya lami kutoka huko kupitia Tandahimba na Newala hadi Masasi inaendelea kujengwa. Hatua ya kwanza ni kupima tindikali ya udongo. Mwenye kutaka kuanza achukue udongo wa sehemu mbili, chini ya mkorosho wake mkongwe na mahali pasipopulizwa kamwe, aupeleke Naliendele, kisha aulize pia ni kilo ngapi za chokaa zinazohitajika kabla ya kupanda kunde za msimu ujao.